Jifunze lugha ya kigeni usiishie kusimuliwa

Mtu akitangaza kwamba ameanza kujifunza lugha ya kigeni, swali la kwanza atakaloulizwa ni: itakusaidia nini? Majibu yamekwisha kuzoeleka: kazi, safari, akili. Vyuo vya lugha vinatangaza hivyo, programu za simu zinatangaza hivyo, na wazazi wanawaambia watoto wao hivyo hivyo. Sina ugomvi na majibu hayo, kwani kila moja lina ukweli wake. Ninachoona ni kwamba tumeyaweka mbele yale yenye uhakika mdogo, na lile lenye uzito kuliko yote tumelisahau. Faida kuu ya lugha ya kigeni ni kuacha kusimuliwa. Unasoma mwenyewe, unasikia mwenyewe, unauliza mwenyewe, na mtu akikupotosha unajua.

Tuanze na kazi, maana ndiko wengi wanakoanzia. Mwaka 2005 Albert Saiz na Elena Zoido walichapisha utafiti kuhusu wahitimu wa vyuo vikuu nchini Marekani, wakakuta kwamba anayejua lugha ya pili hupata mshahara unaozidi wa mwenzake kwa asilimia 2 hadi 3. Miaka minane baadaye Mehtabul Azam, Aimee Chin na Nishith Prakash wakachapisha utafiti wao kuhusu India. Huko, wanaume waliozungumza Kiingereza kwa ufasaha walipata ujira wa saa uliozidi kwa asilimia 34 ule wa wenzao wasiokijua, na hata waliokijua kidogo tu walikuwa mbele kwa asilimia 13.

Mbona tofauti ni kubwa hivyo? Kwa sababu soko halilipi lugha kwa kuwa ni lugha. Linalipa kile ambacho bila lugha hiyo usingekifikia. Mmarekani anayejifunza Kifaransa tayari anayo lugha inayotumika katika biashara nyingi za dunia, kwa hiyo Kifaransa kinamwongezea kidogo. Mhindi asiyejua Kiingereza amefungiwa nje ya ofisi nyingi za nchi yake mwenyewe, naye akikijua hesabu inabadilika. Utafiti huo wa India ulionyesha jambo jingine linalostahili kuzingatiwa: waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na elimu kubwa na umri wa kutosha kazini. Fundi, mhasibu au daktari anayejua lugha ya pili anaupeleka ujuzi wake mbali zaidi. Asiye na ujuzi wowote hapewi ujuzi na lugha. Kwa hiyo kumwambia kijana ajifunze Kichina au Kijerumani halafu kazi itakuja yenyewe ni kumwahidi jambo lisilo mikononi mwetu.

Habari ya akili nayo inahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu imepigiwa chapuo kupita kiasi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mtoto akilelewa kwa lugha mbili atachanganyikiwa. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1962, pale Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipowapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada, wakakuta wenye lugha mbili wanafanya vizuri kuliko wenye lugha moja. Tangu hapo upepo uligeuka. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa 184 wa kliniki moja ya Toronto, ukaonyesha kwamba dalili za ugonjwa wa kusahau uzeeni ziliwaanza wenye lugha mbili wakiwa wamechelewa takriban miaka 4. Wapinzani wakasema, na walikuwa na hoja, kwamba wengi wa wale wenye lugha mbili walikuwa wahamiaji, na mhamiaji huenda ana afya au mazoea tofauti na wengine. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake wakaleta takwimu za wagonjwa 648 kutoka Hyderabad, mji wa India ambao watu wake huzungumza lugha mbili au tatu bila kuhama popote. Tofauti iliyopatikana ilikuwa miaka 4 na nusu, na ilionekana hata kwa watu ambao hawakuwahi kujifunza kusoma wala kuandika. Mimi naona utafiti huo wa Hyderabad ndio wenye nguvu kuliko yote ya aina yake, kwa sababu unaiondoa shule kwenye hesabu.

Upande wa pili upo, na usifichwe. Mwaka 2013 huo huo Kenneth Paap na Zachary Greenberg walirudia majaribio ya umakini na udhibiti wa mawazo kwa vijana wenye lugha mbili na wenye lugha moja, wasione tofauti ya maana. Mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake walikusanya pamoja tafiti 152 kuhusu watu wazima. Walipozingatia kwamba tafiti zenye matokeo ya kupendeza huchapishwa kwa urahisi kuliko zisizo nayo, ile faida ya akili ikayeyuka. Hali ndiyo hiyo. Kuna dalili nzuri kuhusu uzee, na kuna mashaka makubwa kuhusu kunolewa kwa akili ya kila siku. Tena watu wa Toronto na Hyderabad walikuwa wametumia lugha mbili maisha yao yote, nyumbani na barabarani. Kuchukua matokeo yao na kumuuzia mtu anayefungua programu ya simu kwa dakika chache kabla ya kulala ni kuvuka mpaka wa ushahidi.

Hilo halimaanishi kwamba kujifunza kwa bidii hakuigusi akili. Jeshi la Sweden lina chuo cha wakalimani ambako vijana wanafundishwa Kiarabu, Kirusi au Kidari (lugha ya Afghanistan) kwa kasi ya ajabu, kutoka sifuri hadi ufasaha katika muda mfupi. Johan Mårtensson na wenzake waliwapiga picha za ubongo vijana hao kabla ya masomo na baada ya miezi mitatu, wakawalinganisha na wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakisoma kwa bidii vilevile, ila si lugha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: baadhi ya sehemu za ubongo wa wanafunzi wa lugha zilikuwa zimekua, na za wenzao hazikukua. Sehemu zenyewe ni zile zinazohusika na kumbukumbu na lugha. Kwa hiyo jasho la lugha huacha alama mwilini, ila jasho lazima liwepo.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona kubwa.

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, Asia ya Kati. Alikuwa mtaalamu wa nyota, hesabu na vipimo, mwenye jina tayari, alipojikuta kwenye himaya ya Mahmud wa Ghazna wakati majeshi ya mtawala huyo yakiingia India. Umri wake ulishapita miaka 40. Angeweza kuandika juu ya Wahindi kwa kukusanya hadithi za askari na wafanyabiashara, kama walivyofanya wengi kabla yake. Badala yake alikaa chini akajifunza Kisanskriti, akasoma vitabu vya wanazuoni wa India, akajadiliana nao, na karibu mwaka 1030 akakamilisha kitabu ambamo aliwaacha Wahindi waseme wenyewe wanachoamini, kwa dini, hesabu, sheria na kalenda zao. Alilalamika waziwazi kwamba lugha hiyo ni ngumu na pana. Lakini aliona wazi kwamba yote aliyokuwa ameyasikia juu ya watu hao yalikuwa masimulizi ya watu wengine, na masimulizi hayo hayakuaminika.

Katika karne iliyofuata, Mwitalia mmoja aitwaye Gerard wa Cremona alisafiri hadi Toledo, Hispania, akitafuta kitabu kimoja tu: Almagest ya Ptolemy, kitabu kikuu cha elimu ya nyota, ambacho Walatini hawakuwa nacho. Alikikuta kwa Kiarabu. Hakukijua Kiarabu, akajifunza. Tafsiri yake ya Kilatini ya kitabu hicho ilikamilika mwaka 1175, na alipofariki mwaka 1187 alikuwa ametafsiri vitabu zaidi ya 70 vya tiba, hesabu na falsafa. Na Kiarabu chenyewe kilikuwa na vitabu hivyo kwa sababu miaka 300 kabla yake, watu kama Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad walijifunza Kigiriki na kuvitafsiri vitabu vya tabibu wa kale Galen na wengineo. Elimu ilivuka bahari mara mbili juu ya mabega ya watu waliokubali kuwa wanafunzi wa lugha za watu wengine. Kila nikisikia mtu akisema kwamba kujifunza lugha ni burudani ya watu wenye nafasi, nawakumbuka hawa.

Gharama ya kumtegemea msimulizi nayo imeandikwa kwenye historia. Tarehe 2 Mei 1889 Mfalme Menelik II wa Ethiopia alitiliana saini na Italia mkataba wa Wuchale, ulioandikwa kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 cha Kiamhari kilimpa Menelik ruhusa ya kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine akipenda. Kile cha Kiitaliano kilimlazimisha kufanya hivyo. Italia ikayatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake, na Menelik akaja kuyajua hayo kupitia majibu ya barua alizowaandikia watawala wa Ulaya. Aliukana mkataba mwaka 1893. Mvutano huo ukaishia vitani, na tarehe 1 Machi 1896 Waethiopia wakalishinda jeshi la Italia huko Adwa. Maelfu walikufa. Sisemi kwamba vita vilitokana na lugha peke yake, maana tamaa ya ukoloni ilikuwepo hata kabla ya mkataba. Nasema kwamba kama upande wa Ethiopia ungekuwa na mtu wa kuisoma ile nakala ya Kiitaliano kwa macho yake mwenyewe, na kwa ufasaha, angeizuia mbinu hiyo mezani.

Wengi wetu hatutii saini mikataba ya mataifa. Lakini kila siku tunasimuliwa. Chukua habari moja ya vita, isome kwenye gazeti la nchi moja, kisha lisome gazeti la nchi ya pili kwa lugha yake. La kwanza litaandika kwamba wanajeshi wamewaua raia. La pili litaandika kwamba raia wamefariki katika mapigano. Tukio ni moja, maiti ni zile zile, ila kwenye sentensi ya pili muuaji ametoweka. Ukiwa na lugha moja hutajua kwamba kuna mtu ametolewa kwenye habari. Ukiwa na mbili unaweka kurasa ubavu kwa ubavu na unaona pengo lilipo.

Tena kuna wingi wa maarifa wenyewe. Kamusi elezo ya Wikipedia kwa Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6, na ya Kiswahili haijafika hata robo milioni. Mtu mwenye ugonjwa adimu, mkulima mwenye mdudu asiyemfahamu, mwanafunzi anayetafuta jinsi mashine fulani inavyofanya kazi, wote hawa wanapata jibu au wanalikosa kutegemea lugha wanayoweza kuandikia swali. Natamani hali hiyo ibadilike, na naheshimu sana wanaojitolea kuandika makala kwa Kiswahili. Lakini hata wao, ukiwauliza, watakwambia kwamba wanaandika kwa sababu waliweza kusoma kwanza kwa lugha nyingine.

Hapa msomaji atanionyesha simu yake. Kuna haja gani ya kuhangaika miaka mingi ilhali simu inatafsiri? Hoja hii ni nzito na isidharauliwe. Google ilianza huduma yake ya tafsiri mwaka 2006, na mwaka 2016 ikaanza kutumia mfumo mpya unaoishughulikia sentensi nzima kwa pamoja badala ya kuikatakata vipande. Ubora ulipanda sana, na tangu hapo umezidi kupanda. Kwa kusoma maelekezo ya dawa, fomu au barua fupi, simu inatosha. Mtalii wa siku chache hana sababu ya kujitesa.

Lakini simu ni mkalimani, na mkalimani ni msimulizi. Usipoijua lugha inayotafsiriwa huna namna ya kuona ilipokosea, na inapokosea haikohoi wala kusita. Inaandika kosa kwa ufasaha ule ule inaoandikia ukweli. Tena inajua vizuri lugha zenye maandishi mengi mtandaoni na inababaika kwenye zile zenye maandishi machache, yaani inakosea zaidi pale ambapo ungehitaji msaada zaidi. Na kuna jambo ambalo hata mashine isiyokosea kamwe isingeweza kulifidia. Simu hutafsiri unachoambiwa. Haikufikishii wanachoambizana watu wenyewe: mzaha unaopita mezani, mtu anayemkatiza mwenzake, mwanamke anayesema “sawa” kwa sauti inayomaanisha kwamba si sawa hata kidogo. Anayejua lugha anaketi humo ndani, wakati mwenye simu amesimama mlangoni akisubiri mtu amgeukie.

Watu wachache huzungumzia namna usikivu huo unavyokuja, na ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote. Miezi ya kwanza, taarifa ya habari ya lugha ngeni ni mto wa sauti. Hujui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi, na unaamini kabisa kwamba wasomaji wake wanasoma kwa haraka isiyo ya kawaida. Kisha siku moja unalisikia neno moja likipita, unalitambua, na kabla hujafurahi sentensi tatu zimeshapita. Baadaye yanakuwa maneno mawili, kisha vikundi vya maneno. Kasi ya msomaji haijapungua hata kidogo. Sikio lako ndilo limejifunza kukata. Na jambo la ajabu ni kwamba ukishafika hapo huwezi kurudi nyuma. Huwezi tena kuisikia lugha hiyo kama kelele, hata ukijaribu.

Lugha ya pili pia inakupa nafasi ya kuiona ya kwanza. Mswahili anayejifunza Kifaransa hulalamika kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, bila sababu yoyote ya maana. Halafu anakumbuka kwamba maisha yake yote amekuwa akisema mti umeanguka, kiti kimeanguka, jiwe limeanguka, nyumba imeanguka, na hakuna siku aliyojiuliza ni nani aliyevigawa vitu vya dunia hivyo. Hapo ndipo anapoanza kuzipenda ngeli kama mfumo, badala ya kuziona kama adhabu ya somo la sarufi. Nimewaona walimu wazuri wa Kiswahili wakitokea njia hiyo. Walikwenda kujifunza lugha ya mbali, wakarudi wakiwa na maswali juu ya lugha yao ambayo hawakuwahi kuwa nayo.

Hata uamuzi wetu hubadilika kidogo tukiwa ndani ya lugha ya kigeni. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio yaliyotumia fumbo maarufu la wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman: kuna ugonjwa hatari, na uchague kati ya dawa yenye matokeo ya uhakika na dawa ya kubahatisha. Watu wakielezwa kwa idadi ya watakaookolewa, huchagua uhakika. Wakielezwa kwa idadi ya watakaokufa, ingawa hesabu ni ile ile, hukimbilia kubahatisha. Lakini walipoulizwa kwa lugha ya kigeni waliyojifunza, mgeuko huo ulitoweka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lugha ya kigeni haituchomi moyo kama ile tuliyoonywa na kubembelezwa nayo utotoni, na umbali huo unatupa nafasi ya kupima. Umbali huo una ubaya wake pia: Albert Costa na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu walioulizwa kwa lugha ya kigeni walikuwa wepesi zaidi kukubali, katika fumbo la kufikirika, kumtoa mtu mmoja kafara ili watano wapone. Anayeendesha vikao vya kimataifa kwa lugha isiyo yake angefaa kulifikiria hilo.

Kuhusu umri, watu wazima wamekatishwa tamaa kupita kiasi. Ni kweli kwamba anayeanza utotoni ana nafasi kubwa zaidi ya kufikia kiwango cha mzawa. Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker, katika utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha watu karibu 670,000, walikadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi huanza kushuka kwenye umri wa miaka 17 hivi. Lakini kufikia kiwango cha mzawa si sharti la kusoma gazeti. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, na matokeo yao ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima walikwenda mbio kuliko watoto wadogo. Mtu mzima anajua kusoma, anajua kupanga muda, na anajua anataka nini.

Muda wenyewe si siri. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake inakadiria wiki 24 hadi 30 za masomo ya kutwa kwa Kihispania au Kifaransa, wiki 36 kwa Kiswahili, na wiki 88 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Orodha hiyo imepimwa kwa msemaji wa Kiingereza. Mswahili akiandika yake itakuwa tofauti: Kizulu kitamjia na upatanisho wa kisarufi anaoufahamu tayari, na Kiarabu, kwa ugumu wake wote, kitamlaki na maneno mengi aliyokwisha kuyatumia tangu utotoni. Kwa upande wa msamiati, Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji jamii za maneno 8,000 hadi 9,000, jamii moja ikiwa ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo. Nambari hiyo inatisha, lakini inaelekeza mahali pa kutia nguvu: kusoma kila siku, na kurudia ulichosoma kabla hakijafutika. Hermann Ebbinghaus alionyesha hilo tangu mwaka 1885, alipojipima mwenyewe namna kumbukumbu inavyoporomoka upesi baada ya kujifunza, na namna marudio yaliyopishana kwa muda yanavyoishika.

Nina jambo linalonikera, na nalisema kwa sababu naipenda mada hii. Kuna watu wanaoibeba lugha ya kigeni kama cheo. Wanaitumia kumnyamazisha mzee kwenye mkutano, kumcheka mtoto aliyekosea, kuwatenga wenzao kazini. Wallace Lambert, yule yule wa Montreal, alitofautisha tangu miaka ya 1970 aina mbili za kuwa na lugha mbili: ile ambayo lugha ya pili inaongezwa juu ya ya kwanza, na ile ambayo ya pili inakula nafasi ya ya kwanza. Faida zote nilizozitaja ni za aina ya kwanza. Mtoto anayepoteza lugha ya bibi yake ili apate lugha ya ofisini hajaongezewa dirisha. Amehamishwa chumba, na sasa yeye ndiye anayehitaji kusimuliwa habari za nyumbani kwao.

Hapo ndipo panapotofautiana kujifunza lugha ya kigeni na kufundishwa kila kitu kwa lugha ya kigeni. UNESCO ilitamka mwaka 1953 kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto ni lugha yake ya mama. Mtoto anayesomeshwa hesabu na sayansi kwa lugha asiyoielewa anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi anaiangusha yote: hapati sayansi, na lugha yenyewe anaijua kwa kukariri. Ukitaka ajue vizuri lugha ya kigeni, mpe somo la lugha lenye mwalimu anayeiweza, vitabu vya kutosha na muda wa kutosha. Masomo mengine ayasome kwa lugha anayofikiria.

Na somo hilo la lugha lipimwe kwa kile ambacho lugha inafanya. Mitihani mingi bado inamtaka mwanafunzi ajaze nafasi zilizo wazi na kutaja majina ya nyakati za vitenzi. Anaweza kupata alama zote akatoka asiweze kufuatilia mazungumzo ya dakika mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu apewe gazeti la wiki hii la lugha anayojifunza, asome habari moja, aeleze kwa lugha yoyote anayotaka ni nani amefanya nini, nani amenukuliwa, na nani hakuulizwa. Kisha asikilizishwe watu wawili wakibishana, aseme wanabishania nini. Mtihani wa namna hiyo hauhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji mwalimu ambaye yeye mwenyewe anasoma magazeti hayo na kuzungumza na wenye lugha, na walimu wa namna hiyo ndio ambao mafunzo na fedha vingeanza kuwafikia kwanza, kabla ya kompyuta na maabara za lugha.